Mlango wa Nyuma Kisimani

Mtaa wa Kisimani haukuwa na kisima. Ulikuwa na mifereji iliyokohoa hewa wiki nzima na kutema maji ya kutu ikipenda, ulikuwa na diwani mwenye sauti nzuri ya kuomba kanisani, na ulikuwa na holi. Holi ile ilijengwa zamani na watu waliofahamu kwamba umati ukiingia mahali, siku moja utataka kutoka kwa haraka. Waliipa milango miwili mbele, madirisha mapana, na mlango wa chuma nyuma ya jukwaa, uliofungukia nje kwenye ujia. Walikuwa na akili zao, wale. Kufikia mwaka wa tisini na sita madirisha yalikuwa yamechomelewa vyuma kwa sababu ya wezi, mlango mmoja wa mbele ulitiwa mnyororo kila palipokuwa na mchezo ili vijana wasipenye bila tikiti, na ujia wa nyuma ulikuwa umegeuka ploti. Ploti ya nani? Ya diwani Bwire, ingawa karatasini lilikuwepo jina la shemeji yake. Mtaa mzima ulijua na mtaa mzima ulinyamaza, maana juu ya ploti hiyo palijengwa maduka manne ya mawe, na nani asiyetaka duka?

Aluoch alilitaka kuliko wote. Mumewe, Phares Owuor, alikuwa ameachishwa kazi ya reli pamoja na wenzake wengi, akarudi nyumbani na koti lake la kazi, mtaimbo mmoja, na ukimya mwingi. Tangu hapo nyumba ilikula kwa omena na samaki wa kukaanga ambao Aluoch aliuza kando ya barabara kuelekea Umoja, juani, sikio moja kwa mteja na sikio la pili kwa askari wa kufukuza wachuuzi. Alipopewa duka la pili kutoka mwisho, alitoa sadaka ya shukrani mbele ya kanisa zima, akaimba mpaka sauti ikakauka. Diwani Bwire mwenyewe alikuwa amekaa benchi la mbele, akiitikia kwa kichwa.

Na asije mtu akasema hakujua. Siku fundi alipokuwa akiinua ukuta wa nyuma wa duka, Aluoch alisimama pale pale akautazama ule mlango wa chuma ukizibwa jiwe baada ya jiwe.

"Fundi, na huu mlango?"

"Huo hautumiki, mathe. Wakubwa wamesema hautumiki."

Akatosheka. Magunia yake ya unga yalihitaji ukuta wa kuegemea. Mkono mtupu haulambwi, na wa Bwire siku hizo ulikuwa umejaa, nao walioulamba walikuwa wengi.

Aluoch alikuwa na binti, kifungua mimba wake, Perez. Alimaliza kidato cha nne akakaa, kama walivyokaa wenzake wote wa Kisimani, ila yeye hakuweza kukaa bure. Alijiunga na kikundi cha maigizo kilichofanya mazoezi kwenye holi. Mwaka ule walitunga mchezo wao wenyewe kuhusu mzee mwenye shamba na wanawe wanaogombania urithi angali hai. Perez alikuwa mke wa mzee. Na sehemu yake kubwa, ile ambayo kikundi kilijivunia, haikuchezwa mbele ya macho ya watu. Mzee alipokata roho, jukwaa liliachwa tupu, na huko nyuma gizani Perez, peke yake, alipiga nduru na kuugonga mlango wa chuma kwa ngumi, hadi watazamaji waliposhikana mikono. Ndipo alipotokea.

"Mathe, nifunze kulia," alimwambia mamake siku moja dukani.

"Kwani unaliaje?"

Perez akalia. Aluoch akacheka mpaka akashika gunia.

"Hiyo ni nduru ya mtu aliyemwaga unga! Mfiwa halilii kooni. Analilia hapa." Akamgonga chini ya kifua. "Unaianzia juu, unaiacha ishuke, unashika pumzi, halafu unaianza tena kabla watu hawajapoa. Mfiwa hana haya, mama. Usione haya."

Wakajaribu wote wawili, mama na binti, katikati ya magunia. Muhonja, mwanamke wa Kimaragoli aliyepika chapati katika duka la tatu, alikuja mbio na mwiko mkononi akiuliza nani amekufa. Walipomwambia ni mchezo, alikaa chini akajipepea kwa aproni na kuwaapiza vizuri kabisa.

Tangu siku hiyo ukawa mchezo wao. Kila mazoezi yalipofika pale kwenye kifo cha mzee, sauti ya Perez ilipenya ukuta ikaingia dukani, na Aluoch aligonga ukuta kwa kopo lake la kupimia omena kumwambia, nimesikia, umejitahidi. Perez naye aliugonga mlango kujibu. Wateja walizoea. Anayezoea nduru ya uongo, hata hivyo, ataijuaje ya kweli?

Jumapili ya moto ilikuwa ya jua kali. Holi ilijaa tangu saa nane, watoto wamepakatwa, vijana wamesimama kando ya kuta. Aluoch alitoka kanisani akafungua duka, kwa kuwa mchezo ukiisha watu hurudi nyumbani na njaa. Alikuwa akimpimia mama mmoja omena aliposikia nduru.

Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomla baadaye, kwamba ilikuwa nzuri. Ilianzia juu, ikashuka, ikashika pumzi, ikaanza tena kabla ya wakati. Ngumi zikaanza kwenye mlango, halafu kitu kizito kuliko ngumi. Aluoch alisikia kifua chake kikifura kwa fahari. Akachukua kopo akaugonga ukuta, akapaza sauti, "Leo umeiweza, nyathina, mwanangu! Leo umeiweza kweli!"

Akamgeukia mteja. "Huyo ni msichana wangu."

"Ai! Analia kama mtu kweli," mteja akasema, akapokea omena zake.

Nduru iliendelea kidogo, kisha ikawa kikohozi, kisha ikanyamaza. Aluoch alidhani sasa ameingia jukwaani. Ndipo aliposikia watu wakipiga mayowe ya moto upande wa mbele, akatoka mbio na kopo bado mkononi.

Yaliyotokea mbele ya holi Kisimani wanayasimulia hadi leo, kila mtu na kipande chake. Stima ilikuwa imepotea, kikundi kikaazima taa ya mafuta, taa ikalishika pazia, pazia likaishika dari ya mbao laini. Watu wakamiminikia milango miwili wakakuta mmoja. Aliyekuwa na ufunguo wa mnyororo alikuwa ametoka kununua sigara. Gari la zimamoto lilipofika lilikuwa na maji ya kuoshea miguu, na bomba la mtaa la zimamoto kuchotea maji, walipolitafuta, lilikuwa chini ya sakafu ya baa iliyojengwa juu yake. Waliosaidia kwa kweli ni wauza mbuzi wa Kiamaiko, walioleta mapipa yao ya maji kwenye mikokoteni na kuwavuta watu kwa mikono yao. Watu kumi na saba walilazwa kwenye nyasi wamefunikwa leso.

Aluoch alipita akifunua leso moja moja. Wenzake Perez wa kikundi walikuwa wamesimama pale, wamesawijika, wote. Akawauliza Perez yuko wapi. Mmoja wao akaonyesha kidole upande wa nyuma. Hapo ndipo Aluoch alipoelewa alichokisikia. Alikimbia hadi dukani. Duka lilikuwa zima, hata magunia yalikuwa mazima. Aliuweka mkono kwenye ukuta wa nyuma ukamchoma, akaita, na upande wa pili hapakuwa na mtu wa kujibu.

Jumatatu Phares alikwenda kuchakura majivu kwa mikono, askari wakamtoa. Jumanne likaja tingatinga. Nani aliliita, hakuna aliyekubali. Lilikikomba kila kilichokuwa jukwaani, mbao, mabati, majivu na vilivyomo, likavimwaga kwenye malori, na malori yakaenda kumwaga jalalani. Ilipofika Ijumaa kamati ya uchunguzi ilikuwa imeshakata shauri: waliokufa ni wale waliopokelewa mochari. Perez hakupokelewa mochari, kwa hivyo Perez hakufa.

"Nani alimwona nyuma ya jukwaa?" mwenyekiti wa kamati alimuuliza Phares. "Unaona? Hakuna. Wasichana wa siku hizi, mzee. Huenda yuko Mombasa na mtu, anakula raha zake."

Phares alirudi nyumbani akamweleza mkewe maneno yale kama yalivyosemwa, bila kuongeza wala kupunguza, akaketi akavua viatu. Aluoch alikwenda jikoni akauma leso yake.

Kwa sababu yeye alijua. Duniani kote, mtu aliyeweza kusimama na kusema Perez Owuor alifia nyuma ya mlango ule alikuwa mmoja tu, naye alikuwa mamake. Ila kusema "alifia pale" kulidai kwanza aseme "nilimsikia, nami nikampongeza." Atawezaje kumwambia Phares? Mtoto anamwita mama yake, na mama anagonga kopo! Kila asubuhi aliamka akiwa ameshaamua kusema, na kila jioni alilala hajasema. Alitaka vitu viwili tu, mwanawe ahesabiwe na mwanawe azikwe, na vyote viwili vilikuwa ndani ya kinywa chake mwenyewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Aluoch aliyaficha, akakonda hadi pete ikawa inamtoka kidoleni.

Duka hakulifungua tena. Muhonja alimletea chapati na kumsihi, "Mama Pere, kula hata nusu." Hakuuliza zaidi. Naye Muhonja siku ile alikuwa kwenye jiko lake, na huenda alikuwa na yake ya kutouliza.

Miezi miwili ikapita. Ndipo Laban, kaka mkubwa wa Phares, alipofika kutoka Siaya na gunia. Ndani ya gunia mlikuwa na yago, lile tunda refu, gumu, la kijivu linaloning'inia kwa kamba mtini. Wajaluo mtu wao akipotea majini au motoni na mwili usipatikane, huzika yago mahali pake, nalo huliliwa na kuombewa sawasawa na mtu. Likishazikwa, msiba umekwisha. Hakuna anayetafuta tena, hakuna anayeuliza tena, na roho inapumzika. Laban alilitoa akaliweka juu ya meza, juu ya vitambaa vya kufuma.

Diwani Bwire alipata habari hata kabla chai haijaiva. Alikuja mwenyewe mchana huo, akavua kofia, akaomba. Kisha akakohoa.

"Mama Perez, mimi pia ni mzazi. Basi la kuwafikisha nyumbani, nitatoa. Sanduku, nitatoa. Chakula cha wageni pia msiulize. Kitu kidogo tu nawaomba. Siku hiyo tuseme binti amepotea. Hii stori ya mlango inachochea watu, na kamati ilishamaliza kazi. Au kuna mtu alimwona?"

Aluoch aliitazama sakafu.

"Hakuna," Phares akasema.

"Basi tumuachie Mungu."

Alipotoka, Laban alikunja gunia lake vizuri. Hakuwa mtu mbaya, Laban. Alikuwa mtu wa kufuata utaratibu, na utaratibu ulimpa nguvu ya kusimama penye msiba.

"Tutamzika nje ya ua, upande wa chini," akasema. "Msichana ambaye hajaolewa hazikwi ndani ya boma. Mama Perez, unajua ni mila."

"Nje tena, shemeji?"

"Ndiyo mila."

Aluoch alienda chumbani akalifungua sanduku la nguo za Perez. Alichagua gauni la kijani, lile la kanisani, akarudi akalivalisha yago. Lilikuwa zito, zito kama mtoto wa miezi mitatu, na alipolipakata mikono yake ilijua jinsi ya kulishika. Hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu moto. Alilia kimya, kwa kuwa nduru aliiogopa.

Jumamosi asubuhi watu walijaa nje ya nyumba. Basi lilisimama barabarani limefungwa matawi mbele, dereva akisinzia. Sanduku la diwani, jeusi na vishikio vya dhahabu ya uongo, lilikuwa juu ya viti viwili, yago ndani yake. Pasta aliomba, kwaya ikaimba, na Bwire akasimama kusema neno. Alisema vizuri. Alisema juu ya vijana, juu ya subira, juu ya holi mpya ambayo kamati ilikuwa imeanza kuifikiria.

"Na leo," akamalizia, "tunamwombea binti yetu aliyepotea. Popote alipo, Mungu amrejeshe."

"Wacha uongo, mhesh!" kijana mmoja wa kikundi akapayuka kutoka nyuma. "Pere alikuwa nyuma ya steji! Sote tunajua!"

Watu wakavuma. Bwire akainua mkono, bila hasira, na uso wa mtu aliyeshayajibu hayo mara nyingi.

"Kijana, ulimwona? Wewe ulikuwa nje tayari. Nimeuliza kwa kamati, nauliza hapa mbele ya Mungu. Kuna mtu yeyote aliyejua kwamba huyu msichana yuko kule nyuma? Aseme."

Akangoja. Alingoja kwa starehe, maana alijua jibu. Phares alikuwa ameinamisha kichwa kwenye kichwa cha sanduku. Aluoch alimtazama mumewe, akaona kola yake ilivyompwaya shingoni, akajua kwamba basi lile likiondoka, hatasema tena maisha yake yote. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini huu ulikuwa na uchungu mwingine ndani yake. Akasimama.

"Mimi."

Sauti ilikuwa ndogo. Akairudia.

"Mimi nilijua. Sikumwona, nilimsikia. Nilikuwa dukani. Alipiga nduru, akagonga ule mlango, tena na tena. Mimi ndiye nilimfunza hiyo nduru. Nikadhani ni mchezo. Niligonga ukuta na kopo. Nikamwambia ameiweza. Mtoto anakufa ananiita, namwambia ameiweza! Baba Perez, nilimsikia mwanao, na sikukwambia."

Kwaya ilishika vitabu vyao vifuani. Phares aliinua uso akamtazama mkewe, na kwa muda ule mrefu Aluoch aliona kila alichokiogopa kikipita machoni pake, kimoja kimoja. Kisha Muhonja akalia kwa sauti kutoka pembeni, "Hata mimi nilisikia! Mungu wangu, hata mimi nilisikia, nikageuza chapati!"

Bwire alisema, "Akina mama, huzuni inaweza kumfanya mtu..."

"Sijapagawa, mheshimiwa. Uliuliza nani alijua, nimejibu. Alikuwa kule, akafia kule, kwa sababu alifika mlangoni akakuta ukuta wa duka langu. Duka ulilonipa. Nilikuimbia kanisani kwa ajili ya ule ukuta."

Akaliendea sanduku, akakifungua kifuniko, akalitoa yago lililovalishwa gauni la kijani na kuliegemeza begani.

"Sanduku lako chukua. Na basi lako pia. Perez haendi Siaya."

Laban akaruka. "Mama Perez! Unafanya nini? Mtoto wa Kijaluo hazikwi Nairobi kama mtu asiye na kwao!"

"Shemeji, ulisema azikwe nje, kwa sababu hajaolewa, hana mlango wake. Mimi nakuonyesha mlango wake. Alitaka kutoka nje, akazuiwa. Nitamzika pale alipotaka kufika. Kama mila inataka awe nje, pale ni nje."

Laban alinyoosha mkono kumzuia. Aluoch alikuwa ameshaanza kutembea.

Watu wakamfuata. Bwire alimwahi mbele ya maduka, kofia mkononi, jasho limemtoka, na sasa sauti nzuri ilikuwa imemkimbia.

"Mama, sikiza. Hiyo ni ploti ya watu. Ukizika mtu pale, nani atapanga? Nani atanunua? Hata hayo mengine matatu, nani ataingia?"

"Hakuna," Aluoch akasema.

"Hata wewe utakosa duka!"

"Nitarudi barabarani. Barabara naijua."

Phares alikuwa ameachwa nyuma, na kuna waliodhani amebaki kulilia sanduku tupu. Akatokea akipasua umati, amevaa lile koti lake la reli, mtaimbo begani. Hakumtazama Bwire. Alimfikia mkewe, akasimama mbele yake, akaliwekea yago mkono juu kama anavyobarikiwa mtoto.

"Uligonga kumjibu," akamwambia polepole. "Basi alijua upo."

Kama alikuwa amemsamehe au la, Aluoch hakujua siku ile wala kwa siku nyingi zilizofuata. Ila alisema mbele ya watu, na hilo lilimtosha kusimama.

Wanaume wa Kiamaiko waliyatoa magunia ya unga. Muhonja aliing'oa shelfu kwa mikono yake minene. Phares akautia mtaimbo kwenye ukuta wa nyuma, akijiandaa kwa kazi ya mchana mzima, na pigo la kwanza likazama kama kwenye ugali. Saruji ilikuwa mchanga mtupu. Fundi aliiba, au diwani alipunguza, au wote wawili. Pigo la tatu likaangusha mawe sita kwa pamoja. Phares akasita, mtaimbo ukining'inia mkononi, akayatazama yale mawe. Kila aliyekuwa mle ndani aliona alichokiona: mtu mmoja mwenye chuma, Jumapili ile, angeuangusha ukuta huo kabla pumzi ya mtu haijakatika. Aluoch aliona pia. Ikamwingia ikakaa, na ingekaa humo hadi siku yake ya kufa.

Phares akamalizia mawe yaliyobaki. Mlango ukatokea, mweusi kwa moshi, umebonyea katikati kutoka upande wa ndani. Hapakuwa na kufuli. Komeo lilikuwa limeshavutwa.

Laban alikuwa amesimama kizingitini mwa duka akiutazama mlango ule. Kisha alivua koti lake la msiba, akamkabidhi mtu, akachukua jembe, akapiga magoti kupima mahali pa kuchimba, na hakutaja mila tena. Nje, Bwire alikuwa akimwambia mtu aite polisi, na mtu huyo hakuwa akienda popote.

Aluoch alimpa Muhonja yago ampakatie. Akapita juu ya mawe, akashika mlango kwa mikono miwili, akauvuta. Ulifunguka kwa urahisi, ukilia kidogo kwenye bawaba, na mwanga wa holi isiyo na paa ukaingia dukani.

Akasimama kando, mgongo kwenye mlango, kama mtu anayempisha mgeni.

"Toka, mama," akasema. "Toka sasa, Perez. Pita."

Akaushikilia hivyo, wazi, mpaka kaburi likajazwa udongo.